Hodi ya Tatu

Anayesuka mkeka aweke ukili wake chini. Ngano haitaki mikono yenye haraka.

Palikuwa na Bi Mwanakombo, msusi wa mikeka. Kila siku zimwi lilimjia mlangoni kwa sura ya mteja. "Hodi." Naye alijibu, "Karibu," maana hodi ya mtu utaiachaje?

Karibu ya kwanza ilimchukulia usingizi. Ya pili ikamchukulia hamu ya kula. Ya tatu ikamchukulia jina la mwanawe. Akamtazama mtoto, akamuuliza, "Nawe unataka mkeka wa upana gani?"

Mtoto akalia. "Mama, ni mimi."

Bi Mwanakombo akashtuka. Akatandika mkeka wa watu ambao haujaisha, akajilaza na mwanawe kifuani.

"Hodi."

Vidole vya Bi Mwanakombo vikaanza kucheza, vikitafuta ukili.

"Hodi, Bi Mwanakombo. Ni kakazi kadogo tu."

Ile "karibu" ikamfika ulimini. Akaiuma.

"Hodi."

Kimya. Na mgeni asiyejibiwa mara tatu hurudi alikotoka. Mila hiyo inalifunga hata zimwi. Likaenda zake likinguruma.

Usingizi ndio uliotangulia kurudi. Humo usingizini Bi Mwanakombo akamwita mwanawe, "Raya."

Nami nimemaliza. Atakayenipigia hodi sasa, sijibu.