Jino la Chui Juu ya Paa la Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, Chui alikuwa akikaa katika nyumba nzuri kuliko zote mlimani, na nyumba yenyewe haikuwa yake. Sogeeni niwaeleze ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama mdogo, mnene kama mkate wa bofulo, hana mkia, makao yake mawe. Nyumba ile aliiacha babu yake, chini ya bamba kubwa la mwamba. Mbele ya mlango palikuwa na jiwe bapa, na jua la asubuhi likichomoza lilifika hapo kwanza kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo mama yake Pimbi alipokuwa akikaa kuota jua, akisuka ukili na kuwasengenya majirani.

Masika moja mvua ilinyesha, Chui akabisha.

"Hodi wenyewe! Nisitirini tu mpaka mvua ikatike."

Wakamkaribisha. Mvua ikakatika. Chui akajinyoosha, akapiga miayo, meno yote nje, akasema, "Nyumba hii ni ndogo, hatuenei wote. Mnaonaje mkitoka nyinyi?"

Wakatoka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Wakahamia bondeni kwenye matete, katika kibanda cha nyasi kinachovuja. Matope chini, mbu juu. Watoto wa Pimbi walizaliwa humo. Pimbi akaendelea na kazi yake, maana alikuwa fundi wa kung'oa meno, na wanyama walimfuata hukohuko matopeni. Lakini moyo wake haukuwa kazini. Ulikuwa kule juu.

Aliyemtia uchungu zaidi ni mama yake. Bibi wa watu macho yamefifia, mgongo umeshikwa na baridi, na kila kukicha anauliza lilelile:

"Mwanangu, jua limeshafika jiweni kwetu?"

Pimbi hutazama mlimani. "Limefika, mama."

"Nani amekaa pale?"

Aliyejinyoosha pale, tumbo juu, alikuwa Chui. "Hakuna mtu, mama. Liko tupu."

"Maskini jiwe. Linatungoja." Kisha bibi hukohoa, kho! kho! kho! mpaka kibanda kinatikisika.

Kikohozi kilizidi siku hadi siku. Pimbi alijua kwamba mama yake hataimaliza masika nyingine katika matope yale. Alitamani kumrudisha nyumbani, akilala na kuamka na hamu hiyo.

Siku moja, huyo Fisi, mtumishi wa Chui, mbio mbio, ulimi nje.

"Fundi! Fundi! Unaitwa juu! Bwana Chui jino linamuua!"

"Jino gani?"

"Chonge la kulia. Shavu limevimba hiviii! Nyama hali, mfupa hatafuni. Mifupa yote nakula mimi." Fisi akajilamba. "Kwa upande wangu, ningeliacha liume tu. Ila amesema usipokwenda wewe, atakuja yeye."

Pimbi akachukua koleo lake, karafuu na chumvi.

"Unakwenda wapi?" akauliza mama.

"Kazini, mama. Kwetu kule juu."

Bibi akamshika mkono. "Basi ukipita jiweni, liguse kwa mkono wako. Ukirudi unishike, na mimi nilisikie."

Pimbi akapanda mlima. Alipofika aliliwekea mkono jiwe lile. Lilikuwa na joto lilelile la utotoni mwake.

"Aiii! Aiii!" Chui alikuwa akigaragara mlangoni. "Pimbi, ukiniumiza nakumeza wewe na koleo lako!"

"Nikikuumiza, bwana, una haki. Sukutua maji haya ya chumvi. Haya, fungua mdomo. Sema aaa."

"Aaaa!"

Pimbi akaingiza kichwa. Lo, harufu! Akaipaka karafuu kwenye ufizi, akaligusa jino kwa koleo, kidogo tu.

"WAAAA!" Na mdomo ukafunga, kap! Pimbi aliruka nyuma akiwa mzima, ila manyoya ya sikio yalibaki mdomoni mwa Chui.

Akakaa chini, akawaza. Kisha akasema kwa upole, "Bwana, tuliache jino kwanza. Tupige soga. Hivi, ukipona, siku ya kwanza utakula nini?"

"Ah, usinikumbushe!" Macho ya Chui yakalegea. "Nitakula paja la swala. Halafu mfupa wake. Nitaupasua, kwaa! nifyonze uboho."

"Uboho wa moto?"

"Wa moto, Pimbi! Unatiririka wenyewe..." Chui akafumba macho. Mate yakamdondoka, chru, chru, chru. Mdomo ulikuwa wazi, na mwenyewe hayupo, yuko mbali kabisa na paja lake.

Ng'wa!

"Nini hicho?" Chui akashtuka.

"Jino, bwana. Limeshatoka."

Pimbi alibaki amesimama na lile jino mkononi, ameduwaa. Mkubwa yule, mwenye kucha zile, alikuwa ametamani mpaka hakusikia chuma kinywani mwake! Pimbi akajiambia, "Kumbe na huyu ana hamu yake. Basi hamu naijua mimi, nimelala nayo na kuamka nayo. Hapa nitampata."

Chui alipitisha ulimi mdomoni. Akaupitisha tena.

"Pengo! Ole wangu, pengo! Chui mwenye pengo nani atamwogopa? Swala watanicheka! Pimbi, litaota jingine?"

"Mtoto aking'oka jino hufanya nini, bwana?"

"Hulitupa juu ya paa, akaomba jipya."

Nyinyi pia mmefanya hivyo, msijidai. Wewe unayecheka hapo mbele, la kwako juzi lilimpiga kuku.

"Umejijibu mwenyewe," akasema Pimbi.

"Lakini mimi ni mtu mzima!"

"Ndiyo maana kwako kuna masharti. Jino la mtoto ni jepesi, hurudi lenyewe. La mtu mzima mpaka litamaniwe. Ukilala chini ya paa lilipo, litasema, huyu si yupo hapahapa? Haraka ya nini? Ukae mbali nalo, bwana. Ukae bondeni kwenye matete, ulitazame paa asubuhi, ulitazame jioni, roho ikuume. Na nyumba isibaki tupu, jino lisije likadhani watu wamehama. Wakae humu watu wadogowadogo, wasiolitisha."

Chui alikunja uso. Akamgeukia Fisi. "Wewe umewahi kusikia haya?"

Pimbi akamtazama Fisi.

Fisi hakuwahi kusikia hata neno moja. Akajikuna sikio. Akafikiria: kama Chui atangoja jino, mifupa nani ataitafuna? Akajikuna sikio la pili.

"Kha! Nani asiyejua hayo, bwana?" akapaza sauti. "Babu yangu mzaa baba aliota meno mapya kwa dawa hiyohiyo! Alikaa bondeni muda mrefu sana. Akila vilaini tu. Mifupa akiwaachia wengine."

"Na nikirudi kabla halijaota?"

"Litaota kisogoni," akasema Pimbi.

"Kisogoni!" Chui akajishika kisogo kwa mikono miwili. "Lirushe! Lirushe upesi!"

Pimbi akalirusha jino juu ya bamba la mwamba, ting'! ting'! likanasa kwenye ufa. Siku hiyohiyo Chui akashuka, mkono shavuni, na Fisi nyuma yake amebeba mkeka, anaimba.

Njiani walikutana na Pimbi akipanda na mama yake mgongoni, watoto wakimfuata. Chui akawapisha kwa adabu.

"Nitunzieni vizuri jino langu, jamani," akasema.

"Bila shaka, bwana."

"Nani huyo?" akauliza bibi.

"Mpita njia, mama."

Akamfikisha. Akamketisha juu ya jiwe. Bibi akalipapasa kwa viganja, akalipapasa kingo zake zote, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyerudi safari.

"Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe, mwanangu." Akalia, na Pimbi akalia, na watoto wakasimama wakiwashangaa, maana walizaliwa matopeni na hawakujua kwamba watu hulilia jiwe.

Tangu hapo, kila asubuhi sauti ilipanda kutoka bondeni:

"Pimbiii! Limeota?"

"Badooo, bwana! Tamani zaidi!"

"Natamaniii! Natamani mpaka silali!"

Watoto wa Pimbi waliangua kicheko, kwa! kwa! kwa! wakaanguka chali. Pimbi hakucheka.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Mimi najua anavyojisikia."

Alijua kweli, na asubuhi nyingine sauti ile ilimchoma. Lakini kumwambia Chui arudi? Thubutu! Aligeuka akamtazama mama yake kwenye jiwe, mgongo umeelekezwa juani, kikohozi kimekwisha, anamsengenya jirani yao Nungunungu, kisha Pimbi akaenda zake kunoa koleo.

Basi na nyinyi mjue: ukimtoa mtu kwake umemfundisha kutamani, na kwa somo hilohilo atakutoa na wewe.