Kwa Nini Mbwa Hunusa Kigae Kisha Hukutazama Usoni

Zamani zile, ambazo hata babu zetu walizisikia tu kwa babu zao, mbwa alikula akiwa amefumba macho. Hakuona haja ya kuyafumbua. Aliyemwekea chakula alikuwa ametoka kula chakula cha chungu kile kile, na mbwa alijua jambo moja tu kuhusu chakula: kimetoka mkononi mwa mtu wake. Pua yake aliitumia porini, kufuata nyayo za chui na kulungu. Kwenye kigae hakuwahi kuitumia.

Siku hizo, kwenye mteremko wa mlima wenye ukungu, aliishi mjane aitwaye Mghoi. Huyu Mghoi hakujua kutulia. Aliponea chupuchupu njaa kubwa iliyomchukua mumewe, Mwakio, na tangu alipomzika hakuna aliyemwona ameketi mpaka mwisho wa mlo. Akianza kula, anainuka kwenda kuchungulia ghala. Akifika ghalani, anakumbuka chungu, anarudi mbio. Mtama wake ulijaa hadi mdomoni mwa ghala, na darini, juu ya moshi wa jiko, zilining'inia nyama kavu ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

"Za siku mbaya hizo," aliwaambia watoto wake, nao walikuwa wadogo kiasi cha kuamini kwamba siku mbaya ina tarehe yake na itabisha hodi.

Mwakio alimwachia zizi la mbuzi na mbwa aitwaye Shindo. Mbwa huyo hakuwa pambo la uani. Juu ya mlima, kwenye majabali, aliishi chui, na chui huyo aliijua sauti ya Shindo na kuiogopa. Mbuzi walilala kwa sababu Shindo alibweka, na watoto walikunywa maziwa kwa sababu mbuzi walilala. Mghoi aliyajua haya yote vizuri sana. Ila hofu ya njaa ilikuwa imemkaa kifuani, na mtu mwenye hofu hubana pale anapoona hapatapiga kelele.

Akaanza kumbana mbwa. Kwanza alimpunguzia ugali, akampa ukoko wa chunguni. Kisha ukoko nao akaona una faida, akaulowanisha akala mwenyewe, mbwa akapewa pumba za mtama. Pumba zenyewe zilikuwa zimekaa pembe ya nyumba inayovuja, zikaota kuvu la kijani. Shindo alitia ulimi, akauacha mdomo wazi kidogo, akaondoka polepole kama mgeni anayesema ameshiba.

Mghoi hakulala vizuri kwa ajili hiyo. Asubuhi akapata akili. Alichota mchuzi kidogo kwenye chungu cha watoto, akaumwaga juu ya zile pumba, moto moto, harufu ikapanda hadi mlangoni. Shindo akaja akitikisa mkia. Alifumba macho yake kama kawaida, akala, akalamba kigae kikang'aa. Mghoi akaona amecheza mchezo wa maana. Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingine nyingi.

Baada ya muda Shindo akaanza kuharibika. Manyoya yalimpukutika mgongoni, mbavu zikajitokeza, macho yakatoa tongotongo. Alikuwa akitaka kulala hawezi: anazunguka uani, anajilaza, anainuka, anazunguka tena. Mghoi naye anazunguka ndani. Ukiwatazama hungejua nani anamfuata mwenzake. Alimchemshia mizizi, akamfukiza majani, akamfunga uzi mweusi shingoni. Kila dawa aliijaribu, isipokuwa kuangalia kile kigae.

Siku moja akaja wifi yake, Wakesho, dada wa marehemu Mwakio. Ulimi wa Wakesho ulikuwa mkali kama upupu. Alimwona mbwa, hata kukaribishwa kiti hakungoja.

"Wifi, huyu mbwa wa kaka yangu unamlisha nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Kina mchuzi," Mghoi akajibu, huku akiupangusa mwiko uliokuwa umekwisha kupanguswa.

"Sikukuuliza juu kuna nini. Nimekuuliza chini."

Mghoi akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Wifi nawe! Mbwa ni mbwa. Mbona yeye mwenyewe anakula na halalamiki?"

"Anakula kwa kuwa umempa wewe. Hebu kionje, basi."

"Mimi nionje chakula cha mbwa? Umeamkaje leo?"

Wakesho alimpapasa Shindo kichwani, akajitanda nguo yake, akaenda zake bila kuaga. Mghoi alibaki akinung'unika peke yake mpaka jua likapinduka, akihama kutoka jiko kwenda mlango na kutoka mlango kwenda jiko.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, mtu asingeuona mkono wake. Mghoi alikuwa anakamua mbuzi mama, yule mwenye maziwa mengi kuliko wote, aliposikia zizi zima limenyamaza. Shindo alinyanyuka kutoka jivuni. Alijaribu kubweka, ikatoka sauti nyembamba ya kikohozi. Hata hivyo alikwenda. Alikwenda akipepesuka, miguu ya nyuma ikimwacha, akasimama mbele ya Mghoi na kuonyesha meno. Chui alitoka ndani ya ukungu, akampiga Shindo kofi moja likampasua sikio na kumtupa kando, akamchukua mbuzi mama kwa shingo. Kibuyu cha maziwa kikamwagika. Mambo yote yalikwisha kabla Mghoi hajapiga yowe.

Alimbeba Shindo mpaka ndani, na uzito wake ulimtisha, kwa kuwa alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Watoto walikuwa wanalia wakitaka maziwa. Mghoi akasimama katikati ya nyumba hajui aanzie wapi. Ndipo macho yake yakaangukia kigae cha mbwa, chakula cha jana kikiwa kimebaki nusu. Akapiga magoti. Akaukwangua mchuzi ulioganda juu, akachimba chini kwa kidole, akatia mdomoni.

Pumba zilikuwa chungu. Uchungu ulimshika ulimi, ukapanda puani, ukamchoma koo. Akatema, akasukutua, akatema tena, na ladha haikutoka. Aliona haya mbele ya mbwa kuliko alivyowahi kuona mbele ya mtu yeyote. Alilia kwa sauti, maana kile alichokitema mara moja, mwenzake alikimeza siku zote hizo kwa kumwamini.

Akapanda darini. Alishusha nyama kavu, akafungua ghala, akatwanga mtama safi na kuupeta mara mbili. Alipika vizuri kama anayengoja wakwe. Watoto walipouliza kama siku mbaya imefika, akawaambia imefika. Wao walikula, na Shindo akawekewa kigae kipya, kimejaa, hakuna kitu kilichofichwa chini ya kitu.

Shindo hakula. Alisogeza pua, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mbwa kunusa chakula alichopewa na mtu wake. Alinusa juu, akanusa pembeni, akasukuma kwa pua akanusa chini. Kisha akainua kichwa na kumtazama Mghoi usoni, macho wazi. Mghoi hakuweza kuyahimili macho yale. Alitoka nje, akarudi. Akamwita kwa jina, akamsihi, akakisogeza kigae karibu. Mbwa aligeuza shingo. Siku hiyo ikapita, na ya pili ikapita, na juu kwenye majabali chui alikuwa anakoroma, maana sasa alijua njia ya zizi ni nyeupe.

Siku ya tatu Mghoi alipika upya, na mara hii akaketi. Aliketi chini kabisa, vumbini, goti lake likigusana na ubavu wa mbwa. Akachota ndani ya kigae, kutoka chini, akatafuna taratibu akameza. Shindo alilitazama koo lake mpaka tonge likashuka. Ndipo alipoinamisha kichwa akala, na Mghoi hakuinuka mpaka mwisho wa mlo.

Alimlisha hivyo kila siku, akionja kwanza. Manyoya yakarudi, mbavu zikafunikwa, sauti ikanenepa. Chui aliposhuka tena, Shindo alimpokea mlangoni kwa mbweko uliorudi mara mbili kutoka majabalini, akamkimbiza hadi ng'ambo ya bonde. Chui hakuonekana tena mlima ule. Jioni mbwa akalaza kichwa chake mapajani mwa Mghoi, na sikio lake lililopasuka likawa joto mkononi mwake. Alikuwa amemsamehe, na Mghoi alilijua hilo bila kuambiwa.

Lakini kesho yake alipomwekea chakula, chakula kizuri, alichokwisha kukionja mbele yake, Shindo alinusa kwanza. Kisha akamtazama usoni. Kisha akala, macho wazi. Mghoi alingoja siku moja ayaone yamefumba kama zamani. Alingoja mpaka Shindo akazeeka, na hakuyaona.

Na tangu siku hiyo, watoto wa Shindo na wajukuu wa watoto wake, walio milimani na walio mijini, hunusa kwanza kile tunachowawekea, kisha huinua macho na kututazama. Msiseme ni maringo, na msimpige mbwa teke. Mtazameni na ninyi usoni, kama mnaweza.