Mara Moja kwa Mama Skola

Chozi haliombwi mara mbili. Mmeambiwa neno hili leo asubuhi mkanuna, mkadhani ni la watu wa matanga. Si la matanga. Ni la watu wa kamera kama nyinyi, na lilianzia huku huku Mbinga, kwa mtu aliyeitwa Eusebi Ndunguru. Kaeni niwaeleze.

Eusebi alikuwa mpiga picha wa harusi. Alijifunza mwenyewe, hakufundishwa na mtu, na kwa kuwa hakufundishwa alikuwa mgumu kuambiwa. Siku moja akaamua kutengeneza filamu yake, ya kwanza isiyo na keki wala bibi harusi. Ilihusu kivuko cha gogo kilichokuwa kikichukua uhai wa watoto wa shule kila masika. Kazi yote aliifanya na mtu mmoja tu, Bernadeta, mdogo wa mkewe, aliyeshika kinasa sauti na kuvaa hedifoni.

Walipiga picha mto, gogo, na watoto wakivuka wamebeba viatu mkononi. Lakini filamu haikuwa na moyo. Moyo wake ulikuwa kwa Mama Skola Kapinga, ambaye binti yake alichukuliwa na maji pale miaka kumi na miwili nyuma. Mama huyo hakuwahi kulizungumza jambo lile, hata kwa padri. Eusebi alikwenda kumwomba mara tatu akakataliwa. Mara ya nne mama akasema, "Labda gogo litaondolewa. Nitasema. Lakini nitasema mara moja, na sitasema tena mpaka nife."

Siku hiyo walimkuta amekaa mlangoni, ungo wa buni mapajani, akichambua. Jua la asubuhi lilikuwa limemwangukia shavuni vizuri mno, na Eusebi alipoliona hakutaka kingine.

"Shemeji, nipe dakika moja nijaribu sauti," Bernadeta alisema.

"Jua halina dakika. Lete hicho."

"Wewe hujakizoea."

"Nimefunga ndoa za watu mia kwa kamera hii, nishindwe na kitufe?"

"Ndoa alifunga padri, shemeji. Wewe ulipiga picha."

Eusebi hakucheka. Alimnyang'anya kinasa sauti, akakibonyeza, akakiweka chini karibu na ungo, hedifoni zikiwa bado shingoni mwa Bernadeta. Mama Skola akaanza. Alisema kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea kuchambua buni, na alipofika mahali fulani mikono ikasimama na machozi yakamtoka. Eusebi alisogeza kamera taratibu. Aliona chozi likishika mwanga. Akajua amepata filamu.

Jioni, nyumbani, waliunganisha vifaa. Picha ilikuwa safi. Mdomo wa mama ulikuwa ukitikisika, na sauti haikuwepo. Kinasa kile hubonyezwa mara mbili. Ukibonyeza mara moja, taa nyekundu hupepesa, kinasubiri. Ukibonyeza tena, taa hutulia, ndipo kinanasa. Kilikuwa kimesubiri tangu mwanzo hadi mwisho. Na kamera yenyewe ilikuwa kiziwi tangu harusi moja iliyonyeshewa mvua.

Bernadeta alikunja waya wa hedifoni zake. Angemlaumu, ingekuwa nafuu.

Kesho yake Eusebi alirudi na Bernadeta. Njiani alitunga uongo, na alipofika akautoa. "Mama, jana ilikuwa nzuri sana. Ila tunahitaji tuipige tena kwa upande wa pili. Filamu ndivyo zilivyo."

Mama Skola aliweka ungo chini. "Nianze wapi?"

Naye Eusebi, Mungu amsamehe, akajibu, "Anzia pale ulipolia."

Bernadeta aliinamisha uso. Kuku alipita katikati yao, hakuna aliyemfukuza.

"Mwanangu," mama alisema, "jana ulinisikiliza?"

"Nilisikiliza, mama."

"Basi nikumbushe wewe. Nililia wapi?"

Eusebi alifungua mdomo. Alikumbuka shavu. Alikumbuka mwanga, na kidole kilichosimama juu ya buni. Maneno hakuyakumbuka, hata moja.

"Mtoto wangu aliitwa nani?"

Eusebi alitazama kamera kana kwamba ingemnong'oneza jibu. Mama akamgeukia Bernadeta.

"Osmunda," Bernadeta alisema taratibu. "Alikuambia mvua imenyesha juu mlimani, mto utakuwa umejaa. Ukamwambia aache uvivu, aende shule. Hapo ndipo ulipolia."

Mama Skola aliitikia kwa kichwa polepole, akamgeukia Eusebi. "Huyu alikuja kwangu. Wewe ulikuja kwa uso wangu."

Hapo Eusebi akasema ukweli wote: kitufe, taa inayopepesa, haraka yake, na uongo wa upande wa pili. Alisema ameinama, kama mtoto aliyevunja chungu cha watu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauchukua ungo wake.

"Kitufe chako kinabonyezwa mara mbili," alisema. "Chozi haliombwi mara mbili. Nendeni salama."

Filamu ilionyeshwa ukumbi wa parokia bila Mama Skola ndani yake. Ilikuwa na mto, gogo, na mlango uliofungwa. Mtu mmoja akauliza mbona Mama Skola hakuhojiwa. Eusebi alisimama mbele ya watu, mama mwenyewe akiwa benchi la nyuma, akajibu, "Alihojiwa. Alinipa, nikapoteza." Akakaa. Hakuna aliyempigia makofi, na gogo lilikaa pale masika mengine mawili.

Tangu hapo hakugusa kamera kabla ya Bernadeta kuinua kidole kwamba anasikia. Na kila mtu ambaye Eusebi alitaka kumhoji, kwanza alimwendea mikono mitupu, akakaa, akamsikia.

Sasa nyinyi. Mzee Nkwera amewasimulia jinsi alivyomzika mkewe, na simu yenu ilikuwa imejaa, haikunasa. Mnataka kurudi mkamwambie eti mwanga haukuwa mzuri. Rudini, lakini simu iacheni hapa mezani. Mwambieni mlichofanya. Akiwauliza jina la mkewe, mlijue.

Naona mnatazamana. Basi mmeielewa. Chozi haliombwi mara mbili.