Pongezi Zilizofunika Ombi

Wapendwa, alikuwapo nesi mkuu mmoja katika hospitali ndogo ya milimani. Nesi huyu alichoka kuzunguka wodi hadi wodi akitafuta watu, akafungua kundi la WhatsApp na kuwaingiza wafanyakazi wote, kuanzia daktari hadi mlinzi wa getini. Walifurahi. Salamu za asubuhi zikamiminika, vichekesho, matangazo ya vitenge. Kundi lilichangamka kweli. Lakini lilikuwa la nini? Hakuna aliyeuliza.

Alasiri moja, mama aliyetoka kujifungua alianza kuvuja damu, na akiba ya damu ilikuwa imekwisha. Nesi akaandika kundini kwamba anahitaji wachangiaji upesi. Wakati huohuo watu walikuwa wakimpongeza mhasibu kwa harusi ya bintiye, na ombi la nesi likafunikwa na pongezi. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye damu yake ingefaa, alikuwa nje ya dirisha la wodi, simu mkononi, naye anapongeza.

Yule mama akafa.

Kesho yake nesi aliwaita wote. Mhasibu akashauri watafute mtandao mwingine, wa kisasa zaidi. Nesi, macho mekundu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sisi tuko hapa kwa ajili ya nini?"

Dereva ndiye aliyejibu.

"Mama akija kujifungua, arudi kwake na mtoto wake."

Wakakubaliana hivyo, kila mmoja kwa kinywa chake. Hawakubadilisha simu wala kundi. Mvua za vuli zilipoanza, mama mwingine akavuja damu vilevile. Nesi akaandika. Kabla hajarudi kitandani kwa mgonjwa, dereva, mpishi na mhasibu walikuwa mlangoni pa maabara, wamekunja mikono ya mashati. Mama huyo yuko hai.

Niambieni, simu ndizo zilizobadilika?

Na sisi tunalo kundi la usharika. Jumanne, bibi mmoja wa kwetu aliandika kwamba miguu imemvimba na hana wa kumpeleka kliniki. Tukaandika "Amina" chini yake, mmoja baada ya mwingine, tukarudisha simu mifukoni. Leo hayupo hapa. Nyumba yake iko nyuma ya soko, mnaijua. Tukitoka kwenye ibada hii, nani anakwenda?