Kwa Nini Mjenzi Hasomi Maneno ya Moyoni

Zamani zile, kompyuta zilipokuwa changa na jeuri, Mjenzi hakuwa na desturi ya kusoma kabla ya kujenga. Mjenzi ni ile programu ambayo waandishi huipa maandishi yao iyageuze kuwa kitu kinachofanya kazi. Alikuwa na nguvu za ng'ombe, na akili zake pia. Anaanza kazi, anafika katikati, anagundua kipande fulani hakipo, anaacha kila kitu pale pale.

Mwanamke mmoja aitwaye Sikujua, mwandishi wa programu za bwawa la Mkindu, alichoshwa na kazi za nusunusu. Akamfunza Mjenzi kwanza apitishe macho katika kila ukurasa akitafuta neno moja tu, "leta". Palipoandikwa "leta kipimo" au "leta mnyororo", akitoe ghalani, vinakowekwa vipande vyote. Kikikosekana kimoja, asiguse kazi. Maana ya maandishi asiitafute, ingemchelewesha. Mjenzi akalishika somo kama kasuku.

Ukaja mwaka wa mvua kubwa, na programu ya malango ya bwawa ikaharibika. Malango yasingefunguka, ukuta ungepasuka. Sikujua aliandika programu mpya kwa siku mbili, roho mkononi, kwani bondeni chini ya bwawa alikaa dada yake Mwanaasha na kichanga cha siku tisa, na barabara ilikuwa imekatika. Akampa Mjenzi maandishi. Mjenzi akatoa vipande ghalani kimoja kimoja, kisha akasimama. Kwenye kioo akaandika: Subira haijapatikana.

Sikujua aliona anatukanwa. Akaanza upya, jibu likawa lile lile. Mwinyihija, mlinzi wa malango, akapiga simu kusema maji yamefika alama nyekundu, akauliza Mjenzi anasemaje.

"Anasema hana subira."

"Hata mimi sina, dada. Ukuta umeanza kuvuja."

Wanasema subira huvuta heri; siku ile ilivuta maji. Sikujua alipekua ukurasa baada ya ukurasa, hadi akayakuta maneno aliyojiandikia mwenyewe siku ya kwanza, alipotaka kulia: "Leta subira, Sikujua, Mwanaasha anakutegemea." Mjenzi alidhani ni kifaa.

Akayafuta, Mjenzi akamaliza kazi. Malango yakafunguka, lakini kwa kuchelewa ilibidi yafunguliwe yote kwa mpigo. Ukuta ulisalimika, nyumba kumi na moja za bondeni zikaenda na maji. Mwanaasha alikutwa juu ya paa la shule, mtoto kifuani, wote wazima. Hakumuuliza ndugu yake kwa nini alichelewa, na hilo ndilo lililomuuma Sikujua zaidi.

Na tangu siku hiyo waandishi huweka maneno yote ya "leta" juu kabisa ya ukurasa, na neno la moyoni, la kujisemea tu, hulitangulizia alama, mishazari miwili (//) au alama ya reli (#). Mjenzi akiiona hupitiliza. Waandishi wachanga hulalamika kwamba hajali yanayowasibu. Alijali mara moja, akaitafuta subira ya Sikujua ghala zima, na maji hayakumngoja.