Jinsi Udongo wa Isimila Ulivyotwishwa Mawe

Wageni wakishuka bondeni Isimila hukimbilia kupiga picha, halafu huuliza ni nani aliyezijenga zile nguzo nyekundu na ni nani aliyepanda juu kuzivika mawe. Wataalamu huwajibu kwamba ni kazi ya maji. Sibishani nao, ni maji kweli. Ila walionisimulia mimi hawakuanzia kwenye maji. Walianzia kwa binti mmoja aitwaye Sekalinga, na mimi nitaanzia hapohapo.

Enzi hizo hapakuwa na bonde. Palikuwa tambarare, udongo laini wa kuchimbika kwa vidole, mzuri kwa ulezi, lakini bila jiwe hata moja. Jiwe la kusagia lilifuatwa vilimani, mwendo wa kuvunja shingo, na mwali hakuingia kwa mumewe bila jiwe lake. Nani angemsagia? Mama yake Sekalinga alimfuatia binti yake jiwe pana, akalibeba kichwani bila kulitua njiani, maana ndivyo alivyokuwa. Kisha akaugua, akafa kabla ya harusi. Wakamzika palepale tambarare.

Wakati huo Mto Ruaha hakuwa na kingo. Alitapakaa ovyo kama uji uliomwagika, akaona aibu mbele ya mito mingine, akamwomba Mvua amletee udongo laini wa kujijengea. Mvua, ambaye hajui kufanya jambo kwa kiasi, akashuka Isimila na kuanza kukomba. Mashamba yakaenda, nyumba zikafuata. Watu wakafunga virago, wakakimbilia ng'ambo kwenye mwinuko.

Sekalinga naye alikwenda, jiwe kichwani, kwa kuwa huko ng'ambo ndiko alikokuwa akiolewa. Alipogeuka, akaona maji yamefika kaburini kwa mama yake. Akarudi mbio. Hakuwa na kitu kingine cha kumkinga ila lile jiwe. Akilitoa, ataingia ukweni mikono mitupu na kusemwa maisha yake yote. Asipolitoa, mama yake atakwenda na maji. Alisimama pale akilia, analishika, analiachia.

Mwishowe akavua ngata yake, akaitandika juu ya kaburi, akaliweka jiwe juu yake taratibu, kama tunavyomtwisha mwenzetu kisimani.

"Mama," akasema, "wewe hujawahi kutua mzigo njiani. Leo nakutwisha mimi."

Mvua alipiga juu ya jiwe, akashindwa. Akapiga pembeni, akakomba huku na huku kwa hasira, na udongo wote ukaondoka isipokuwa ule ulio chini ya jiwe. Huo ulinyoosha shingo, ukasimama wima. Wanawake wengine walipoona hivyo, wakarudi na mawe yao, kila mmoja akawatwisha wafu wake.

Sekalinga akafika ukweni amelowa chapachapa.

"Jiwe lako liko wapi, mwanangu?" mama mkwe akamuuliza.

"Nimemtwisha mama."

Mama mkwe alitoka nje, akatazama bondeni kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani. Alisogea kando ya jiwe lake mwenyewe, akamwachia mkwewe nafasi, wakasaga kwa kupokezana.

Na tangu siku hiyo nguzo za Isimila zimesimama na mawe kichwani, na hakuna wa kwetu anayethubutu kulitikisa hata moja, maana jiwe likidondoka, nguzo yake nayo haikawii kwisha. Siku hizi serikali imepahifadhi, na imefanya vizuri, ingawa sisi tulishaanza zamani. Mimi nimezeeka hapahapa, na bado nikisimama chini ya nguzo zile najiona mdogo. Napapenda, sioni haya kusema. Mvua naye hajakoma. Kila masika anarudi kukomba udongo wa bondeni, na kila anapokomba bonde huzidi kuzama, na mama yake Sekalinga huzidi kurefuka.