Bibi Sigwani na Maji Matamu ya Mti

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, ng'ambo ya bahari kubwa, wahamiaji walijenga kijiji kando ya msitu. Baridi ya huko si ya kujifunika kanga. Mimi niliwahi kuionja: nilivaa makoti mawili, pua ikabaki nje, nikadhani imenihama.

Basi Tabita, msichana wa kijiji hicho, aliijua baridi hiyo pamoja na njaa yake. Ghala tupu. Chungu kitupu. Yalibaki mahindi ya mbegu tu, na baba alishaanza kuyatazama kwa jicho la chakula. Mdogo wake, Eliasi, alikonda hata kulia hawezi.

Ndipo akaja Bibi Sigwani, mzee wa wenyeji wa msitu ule. Lugha ya wageni aliiokota katika kubadilishana nao ngozi.

"Mbegu msile," alisema. "Mtoto atakunywa mti."

Baba akacheka kicheko kikavu. "Mama, mti unanyweka?"

Bibi akamshika Tabita mkono, wakaingia msituni, theluji ikilia chini ya miguu: kru, kru, kru. Akachanja gome la mti mmoja kidogo tu, kwa adabu, kama mgema wetu na mnazi wake. Akachomeka kijiti, akatega chombo. To... to... to...

"Subiri hapa," akasema, akaenda kuchanja mingine.

To... to... Tabita akayaona macho ya Eliasi yalivyozama. Matone haya yatamkuta hai? Akainua shoka alilokuja nalo. Ko! Ko! Ko! Mti ukaanguka: puuu! Akachungulia ndani kama anayetafuta pipa. Mbao tupu!

Bibi akarudi. Akautazama mti, akamtazama Tabita.

"Mjukuu wangu, ulipokuwa ukinyonya, ulimpasua mama yako?"

"Hapana, Bibi. Lakini Eliasi anakufa!"

"Najua. Ndiyo maana nimechanja mingi." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Haya, beba. Usimwage."

Wakayachemsha maji yale mpaka yakawa mazito, rangi ya asali. Bibi akachovya kidole, akamlambisha Eliasi. Akalamba. Akalamba tena. Kisha akalia! Lo, kilio kitamu hicho! Baba akavua kofia. Na mbegu haikuliwa. Theluji ilipoyeyuka, ikapandwa.

Miaka ikapita. Bibi Sigwani akafariki. Wanaume wa kijiji wakaja na mashoka kupanua mashamba. Wakamkuta Tabita, mtu mzima sasa, amekalia kile kisiki. Nyuma yake Eliasi, pande la mtu.

"Tupishe, dada. Ni miti tu hii."

"Mmoja niliukata mimi, unatosha. Hii ni ya watu wa Bibi Sigwani, na ndiyo iliyomnyonyesha huyu."

Wakamtazama huyo aliyenyonyeshwa, alivyoziba njia. Wakageuza na mashoka yao.

Na kila theluji ilipoanza kulainika, wajukuu wa Bibi Sigwani walikuja kuchanja, Tabita akiwabebea vyombo. Hakumwaga hata tone.

Basi ndugu zangu, aliyekufaa akishaondoka, asante yako iende kulinda alichokiacha. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye karibu na birika animiminie chai, na sukari asinipimie kwa matone.